Sauti ya Kufika Safu ya Mwisho

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimegunduliwa! Niandike haraka kabla pasi haijapata moto.

Asubuhi nilikuwa nanyoosha vitambaa vya meza vya ukumbi mkubwa, ule wenye roshani na ngazi za marumaru. Vyeupe, vipana, unapiga pasi huoni mwisho. Mvuke umejaa duka zima. Mimi nimezama, naimba zangu kama kawaida, mawazo yako mbali. Nilipoinua kichwa, msimamizi wa ukumbi amesimama mlangoni. Sote tunamwita Mama Ukumbi. Kumbe alikuwa pale muda mrefu, mkoba begani, macho yamemlegea. Nikajua ni wanga, ule wa kukazia nguo. Wanga wangu ukikolea sawasawa, wateja husimama hivyo hivyo mlangoni na kusahau walichofuata.

Kumbe sivyo! Akasema Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe ya kuwaaga walimu wanaostaafu. Ukumbi mzima, mpaka roshani. Akasema anataka nije na ile sauti yangu. Nikageuka nikalitazama gitaa langu, linaning'inia ukutani katikati ya makoti ya watu. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ukumbi ule unataka sauti hasa, na sauti kama yangu hajaisikia siku nyingi.

Sijui alinisikia lini. Mimi gitaa hulipiga jioni, yeye huja asubuhi. Atakuwa alipita njiani akajificha.

Tatizo ni moja tu. Sauti yangu ni ya wati kumi na tano. Amplifaya niliyonayo ni ndogo kama kapu la vibanio, na kila ikiwashwa hukohoa kwanza. Jina lake Kikohozi. Nikapige ukumbi wa roshani na Kikohozi? Hapana. Lazima nitafute kubwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwambia mke wangu. Akanikumbatia na mikono yake ya sabuni, akasema alijua ipo siku mtu mwenye masikio atapita hapa. Nikamwambia ndiyo, ila kwanza nipate amplifaya kubwa. Mikono ikalegea. Akauliza amplifaya ya nini. Mke wangu ni mtu mwema, lakini mambo ya ufundi hayajui.

Shemeji naye kajua. Huyu ni kaka wa mke wangu, na ndiye nusu nyingine ya bendi yetu. Anapiga kinanda kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, na bado ananifunika. Spika zake ni mbili, ndefu kama makabati. Tukipiga pamoja mimi huonekana tu, sisikiki. Leo ameniuliza, uso mkavu, kama Mama Ukumbi ameniita mimi au ameliita gitaa. Wivu huo! Nimemkata jicho.

Sasa niandike la moyoni, maana hapa hakuna atakayesoma. Nataka Baba anisikie. Ndiyo yote.

Baba anaishi nasi tangu Mama afariki. Duka hili lilikuwa la Mama, hata pasi ni yake. Sikio la kushoto la Baba linamsumbua, na miaka yote hii sijamwona akitikisa hata kidole cha mguu kwa ajili ya gitaa langu. Jioni nikianza kupiga, anachukua kiti chake, anaingia ndani, anafunga mlango. Nikimuuliza kesho yake anasema hakusikia kitu. Mimi mwanawe wa pekee! Asubuhi ni kinyume. Anakisogeza kiti mpaka chini ya dirisha la kupigia pasi, anafumba macho, anakaa hapo hadi nimalize nguo zote. Joto la pasi linamsaidia magoti.

Jumamosi ile nitampeleka ukumbini. Wazee huketishwa nyuma, karibu na mlango, wapate kutoka bila tabu. Kwa hiyo sauti yangu lazima ifike safu ya mwisho. Isipofika, ipo siku ataondoka duniani bila kunisikia, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kumwambia mtu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Duka la vifaa vya muziki! Naweza kuishi mle. Linanukia mbao mpya na nyaya.

Nimejaribu tatu. Ya kwanza ndogo, ya kizamani, ndani ina vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Tamu mno. Nilipiga nikasahau niko wapi. Muuzaji akasema hiyo inanitosha kabisa. Akasema wati mara mbili si sauti mara mbili, watu wengi hukosea hapo. Akasema tena kwamba kumbi kubwa zina spika zake, unaiwekea amplifaya ndogo maiki mbele, kazi iliyobaki inafanywa na ukumbi. Nikamtazama. Hayo ndiyo maneno ya mtu asiyetaka mwenzake afike mbali.

Ya pili ina vitufe vingi vya kugeuza mwangwi. Kitufe hiki gitaa liko pangoni, kile liko kisimani, kile liko bafuni. Bafuni nilikaa muda mrefu. Muuzaji aliponiuliza kama nimeamua, nilikuwa bado bafuni.

Ya tatu. Nyeusi. Inanifika kifuani. Spika nne, wati mia. Nikagusa uzi mmoja tu, kwa ncha ya kidole, na vioo vya kabati upande wa pili vikaitikia. Hii! Nimeipa jina palepale: Bwana Mkubwa.

Kurudi nyumbani sikuiona njia. Nilikuwa naona ukumbi. Sauti inashuka jukwaani polepole, inapita katikati ya viti, inaomba njia kwa adabu, samahani, samahani, mpaka safu ya mwisho. Inaketi kando ya Baba. Baba anageuka kuona nani ameketi. Hapo nikagonga mkokoteni wa mtu, na mwenyewe akanitukana mpaka kona ya pili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimempata Bwana Mkubwa! Akili imefanya kazi. Fedha sina, lakini sabuni ninayo. Nimekubaliana na muuzaji kwamba nitamfulia nguo za nyumba yake hadi mwisho wa mwaka. Alikubali haraka mno. Hata kalamu ya kuandikiana alikuwa ameshaishika. Nilistaajabu kidogo.

Alasiri magunia yakafika. Ninavyoona, muuzaji anaishi na mama mkwe, wajomba, mashemeji, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kulala chini ya magari. Ovaroli zake zinasimama zenyewe bila mtu ndani. Mke wangu alizitazama, akanitazama, akamtazama Bwana Mkubwa aliyeziba nusu ya mlango. Akakunja mikono ya gauni, akavuta gunia la kwanza. Afadhali angenigombeza.

Nimejikaza kisabuni. Sanaa ina gharama.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mazoezi ya kwanza.

Nilimweka Bwana Mkubwa kati ya ndoo ya wanga na meza ya pasi. Nikamwasha. Taa nyekundu. Mngurumo mzito, wa chini, unaingia kwa nyayo. Nilifumba macho, nikajiona nimevaa koti jeupe. Nikapiga.

Mashati ya watu yalishuka kwenye vibanio kwa pamoja, kama yameamriwa. Ndoo ya wanga ikasafiri hadi ukingoni mwa benchi lake na kujimwaga juu ya mapazia ya Mama Ukumbi. Jirani fundi viatu akaja na nyundo mkononi, akasema hakuja kwa ubaya ila nyundo ndiyo aliyokuwa ameishika. Shemeji alicheka hadi akajishika mbavu. Simu yake ilikuwa inanirekodi.

Yote hayo si kitu. Kilichoniumiza ni Baba. Alisimama, akabeba kiti chake, akaondoka. Safari hii hakuingia ndani. Alitembea barabara yote hadi mwisho, akaketi mbele ya duka la saruji, akatugeuzia mgongo.

Nikamwambia mke wangu kwamba nadhani Baba alikwenda kupima kama sauti inafika mbali. Hata mimi sikuyaamini niliyosema, na yeye alijua. Akaacha kufua. Akaniuliza taratibu, hivi ninadhani ni nini kinachomfanya mzee asogee dirishani kila asubuhi. Nikamjibu, magoti. Akauliza, na wateja wanaosimama mlangoni je. Nikamjibu, wanga. Akarudi kwenye ovaroli na kuzisugua kwa hasira ambayo sikuielewa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Maji yamenifika shingoni. Mama Ukumbi alikuja kuchukua mapazia, akanikuta mazoezini.

Alisimama mlangoni amejiziba masikio kwa mikono miwili. Nilipozima, akaniuliza kile ni nini. Nikamwambia ndiyo sauti yenyewe. Akasema hapana, hiyo siyo sauti aliyoiita. Akasema walimu wale wamevumilia kelele za watoto maisha yao yote, hawezi kuwaaga kwa kelele nyingine. Afadhali atafute mtu mwingine kabla siku haijafika.

Moyo ulinipasuka. Niliona safu ya mwisho inatoweka, na Baba ndani yake. Nikamsihi. Nikamwambia najua haijatosha, nipe nafasi, nina namba bado sijazifikia kwenye kitufe cha sauti. Nilikuwa nimefikia sita tu! Akafumba macho.

Mke wangu akamshika mkono, akamtoa nje. Wakasimama chini ya kamba za nguo, vichwa pamoja, wananong'ona. Wakamwita shemeji. Shemeji aliweka simu mfukoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilijifanya napiga pasi. Kwa huzuni nikauimba ule wimbo wa shuka, ambao Mama alikuwa akiuimba hapa hapa mezani. "Tulia shuka, tulia, jua liko njiani." Nilipofika ubeti wa pili, Mama Ukumbi alikuwa amegeuka ananitazama tena, na macho yamelegea kama siku ile.

Akaingia akasema sherehe iko palepale. Nije.

Nimejua siri. Mke wangu amemweleza kuhusu wati.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Watu wote wamekuwa wema ghafla. Mazuri yakianza hayana breki.

Shemeji amejitolea kuunganisha nyaya zote siku hiyo. Anasema msanii hapaswi kuinama mbele za watu. Huyu ambaye hajawahi hata kunishikia mlango! Naona hatimaye ameniheshimu.

Mke wangu amenitengenezea pamba za masikio. Anasema wati mia kwa karibu zitaniharibia masikio niwe kama Baba. Nimeguswa. Kumbe siku zote alikuwa ananijali, amekosa tu namna ya kusema.

Mama Ukumbi ameagiza niwekewe maiki mbele ya mdomo, ya kutangazia majina ya nyimbo. Nikamwambia kwamba mimi nikipiga gitaa huimba palepale, tena kwa nguvu, la sivyo vidole hupotea njia. Haidhuru, akasema. Nikamwonya kwamba itaingia kwenye maiki. Akasema hilo halimpi shida hata kidogo. Mwanamke mvumilivu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nimerudi. Niandike yote.

Bwana Mkubwa alipandishwa ngazi za marumaru na wanaume wanne, na wote wanne walinieleza wanachofikiria. Ukumbi ulijaa. Mwanga wa alasiri uliingia kwa madirisha marefu, ukalala juu ya vitambaa vya meza, vile vyangu, vyeupe, vimenyooka kabisa. Baba nilimwona akiketishwa kule nyuma, safu ya mwisho, karibu na mlango. Mdogo kama kidole. Nilipata woga ambao sijawahi kuupata.

Mke wangu akanitia pamba mwenyewe, akazisukuma ndani kweli kweli. Dunia ikanyamaza. Shemeji akainama nyuma ya Bwana Mkubwa, akafanya mambo yake na nyaya; sikuangalia, macho yangu yalikuwa safu ya mwisho. Halafu akainua kidole gumba. Mke wangu akapita nyuma yake na mkoba. Taa nyekundu ikawaka. Nikazungusha kitufe hadi mwisho. Kumi!

Nikaanza na wimbo wa shuka. Sikupanga. Vidole vilikuwa vimeganda, na wimbo huo ndio pekee ambao vidole vyangu huujua bila kuuliza. Nikaimba kuviongoza, kama ninavyofanya siku zote, nikauimba wote. Sikusikia kitu ila mtetemo wa sakafu chini ya viatu. Na ajabu, sikuhitaji kusikia. Nilifumba macho nikawa dukani, asubuhi, mvuke unapanda. Mama yuko upande wa pili wa meza, ameshika pembe mbili za shuka, mimi pembe mbili, tunalikunja tukikaribiana. Nilimkumbuka mpaka harufu ya mikono yake.

Nilipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akitikisika. Kwa kawaida nikipiga gitaa watu huulizana choo kiko wapi. Leo hapana. Mwalimu mmoja wa mbele alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Wahudumu walisimama na masinia mikononi. Shemeji alikuwa akipiga kinanda chake kwa mikono miwili!

Na kule nyuma Baba alikuwa amesimama. Halafu akaanza kuja. Polepole, katikati ya viti, akishika mgongo wa kiti kimoja hadi kingine, njia yote kutoka safu ya mwisho hadi chini ya jukwaa. Mimi nilikuwa nikimtumia sauti, na yeye akaifuata ilikotoka.

Wimbo ulipokwisha niliruka chini, nikachomoa pamba. Makofi yakaniangukia. Baba akanishika uso kwa viganja vyake. Machozi yanamtiririka bila aibu. Akasema, mwanangu, leo nimesikia sauti yako, nimemsikia na mama yako. Nikamuuliza, hata kwa sikio la kushoto? Akasema hata kwa hilo.

Nililia. Naandika na kulia tena. Wati mia ni wati mia.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Jambo la ajabu limetokea. Nilikuwa natafuta kitana kwenye mkoba wa mke wangu, nikakuta waya wa gitaa. Ule mrefu, mweusi, wa kutoka gitaani hadi kwa Bwana Mkubwa. Sina mwingine. Umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba ya vibanio.

Nikakaa chini nikafikiri. Kama waya ulikuwa mkobani, jana gitaa lilichomekwa na nini? Nikafikiri tena. Nikalipata jibu, nywele zikanisimama. Bwana Mkubwa ana nguvu kiasi kwamba hahitaji waya!

Nikamkimbilia mke wangu nikamweleza. Akaketi juu ya gunia la ovaroli akacheka mpaka machozi yakamtoka, na shemeji aliyekuwa mlangoni ikabidi aende kusimama nje. Furaha ya mafanikio hiyo. Mke wangu alipopata pumzi akasema nisibadilike kamwe. Nimemwahidi.

Mama Ukumbi ameshapita. Anataka nipige kila mwezi. Alisisitiza nije na sauti ile ile, mambo yote yafanywe kama jana, pamba pia, nisiongeze kitu. Maskini, hajui kama kuna kinachoweza kuongezwa. Nimekwisha kwenda dukani. Muuzaji anayo ya wati mia mbili! Nimempa neno, na safari hii nitafua jezi za timu ya mpira ya mdogo wake, ambayo uwanja wake huwa na tope mwaka mzima. Alishika kalamu kabla sijamaliza kusema.

Baba leo amesogeza kiti dirishani tena, karibu zaidi, kichwa kinagusa ukuta, nami napiga pasi na kuimba zangu. Nimemwonea huruma. Nimemwambia asijisumbue kukaa karibu hivyo, kuanzia mwezi ujao atanisikia hata akiwa kwenye duka la saruji. Akanitazama, akakigonga kiti chake mara moja sakafuni, akasema hapo alipo panamtosha. Magoti.

Waya wa gitaa nimeufunga nyuma ya nyumba, kati ya nguzo mbili. Umebeba soksi zote za wajomba wa muuzaji na hata haujalegea.